Nyusi za Elias

Jamani, mimi ndiye nafundishaga historia hapa Musoma, jinsi watu wa Mashariki na Magharibi walivyokutana Lebanoni wakajifunza mila za wenzao. Basi nikamwalika jirani yangu wa mtaani kwetu Kigera, Elias, fundi Mlebanoni.

"Jumapili mchana uje tule."

Akapandisha nyusi. Kwa sisi hapa hiyo ni ndiyo, nikajua amekubali.

Tangu mke wangu afariki sijampikia mtu. Nikapika samaki sato na ugali wa udaga, ule wa muhogo, nikavaa suti, nikaandaa sahani mbili barazani, nikaketi. Saa kumi Elias akapita.

"Mwalimu, unamsubiri nani?"

"Si wewe!"

"Lakini nilikataa. Kwetu ukipandisha nyusi umesema hapana."

"Najua," nikamdanganya. "Hata darasani nafundishaga."

Akaitazama ile sahani ya pili, akaketi.