Jogoo Aliyempokea Rais

Juzi Rais wetu wa kwanza wa enzi hizi za vyama vingi alipokuja Dodoma, nilipanda basi kutoka Kongwa kwenda kumwona. Jirani yangu kitini alikuwa mama mtu mzima aliyempakata jogoo mweupe.

"Mgeni hapokewi mikono mitupu," aliniambia, akiitazama mikono yangu.

Langoni mwa uwanja askari akamzuia.

"Shikamoo, mama. Jogoo haingii."

"Marahaba, mwanangu. Haingii peke yake, naingia naye."

"Ni amri, mama."

"Haya, basi mfikishie wewe."

Akamtia jogoo mikononi mwa askari na kupotelea kwenye umati.

Mimi nilikuwa bado kwenye foleni ving'ora vilipolia. Askari akambana jogoo kwenye kwapa la kushoto, akapiga saluti. Jogoo akawika kwa nguvu zote. Rais akageuka garini, akacheka, akampungia jogoo mkono.

Hotuba ilipokwisha, mama alirudi langoni amechoka. Nilimuuliza kama amemwona Rais.

"Nimeona migongo ya watu."

Askari akamkabidhi jogoo kwa mikono miwili, kama mtoto wa mkubwa, akamsimulia yote. Mama akanyooka kama kijana.

Maelfu tulikwenda kumwona Rais, naye akamwona mmoja tu.

Ndani ya basi nikamuuliza mama kama jogoo ataifikia Krismasi.

"Huyu hachinjwi! Katika ukoo wetu, nani mwingine kapungiwa na Rais?"