Vitamini D na Kabati Langu la Kadi

Siku yangu ya kwanza kazini, Nizwa ya Oman, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilivaa viatu vyeupe vilivyonibana nikidhani nitakabidhiwa wagonjwa. Matroni, mwanamke mfupi mwenye macho ya kukagua, akanikabidhi rundo la kadi na kalamu ya wino. "Mgonjwa ataondoka, Zuwena," akaniambia. "Kitakachobaki ni ulichoandika. Ukiandika ovyo, umetibu ovyo." Nilinuna. Nilikuwa nimetoka Unguja na cheti changu cha uuguzi, na niliona sikusomea kuandika majina.

Ninyi mnaoanza kazi leo mnabonyeza kitufe na habari zote za mgonjwa zinatokea. Sisi tulikuwa na kadi ngumu ya manjano, moja kwa kila mtoto: jina lake, la baba na la babu, uzito, chanjo, na safu ya mwisho iliyokuwa kazi yangu hasa, vitamini D. Hii ndiyo inayousaidia mwili kuichukua kalsiamu ya chakulani na kuipeleka mifupani. Mtoto akiikosa, mifupa hubaki laini. Akianza kusimama, miguu hupinda, ndiyo matege, na vifundo vya mikono huvimba.

Watu hunicheka nikisema Oman tulikuwa na matege, kwa jua lote lile. Lakini vitamini hii hutengenezwa na ngozi ikiguswa na jua, na watoto wetu hawakuguswa. Walifunikwa nguo kutoka shingoni mpaka vidoleni na kuwekwa ndani kwa kuogopa joto na kijicho, na mama zao pia walikuwa ndani. Nilimshauri mama mmoja amtoe mwanawe nje kila asubuhi, akaniuliza nimeona wapi mtoto kuanikwa kama papa.

Dawa yetu kubwa ilikuwa sindano ya mafuta, nzito, inayopigwa pajani polepole. Watu waliiita sindano ya mifupa. Moja ilimtosha mtoto kwa miezi mingi, kwa sababu vitamini hii haitoki upesi na mkojo. Mwili huiweka akiba. Huo ndio uzuri wake na hatari yake. Ikizidi, kalsiamu hujaa kwenye damu. Mtoto huacha kula, hutapika, hukosa choo, hunywa maji bila kiasi, na figo zikishindwa tunampoteza. Nililijua hilo kitabuni tu. Kwa macho sikuwahi kuliona, na usilolijua kwa macho huwa unalisahau upesi.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa upande wa Ibra, nisimamie chumba cha mama na mtoto katika hospitali moja ndogo. Nilifurahi, maana nusu ya kina mama walikuwa wametoka Unguja kama mimi, wakanisalimu kwa Kiswahili cha Mjini. Kadi tu ndizo zilizonitia wazimu. Tuliwapa kina mama wakae nazo, na nyingine zilirudi zimetafunwa, ama na mtoto ama na mbuzi. Basi nikatoa amri: kadi zote zibaki hospitalini, ndani ya kabati la chuma, na ufunguo nikae nao mimi. Mkaguzi wa afya wa mkoa alipokuja kutoka Sur alilisifu kabati lile mbele ya watu, nami nikatamba wiki nzima.

Mtoto aliyenishusha aliitwa Nasra. Alikuwa na mwaka na nusu, na miguu yake ilikuwa imeanza kupinda. Mama yake, Rayya, alimleta, nikampiga sindano, nikaandika tarehe, nikafunga kabati. Miezi ikapita. Siku moja asubuhi Rayya akarudi naye, safari hii pamoja na bibi yake mtoto, Bi Shekha. Nasra alikuwa amelegea begani, amekonda, hata kulia hawezi.

"Hasimami, Bi Zuwena," Rayya akasema. "Na kula hali. Nikimpa anatapika."

Nikatoa kadi. Sindano moja, na muda wake umeshapita. Kwa kadi ile, mtoto alikuwa amepungukiwa, na utaratibu wetu ulisema apewe ya pili. Nikavuta dawa kwenye bomba la sindano. Nilikuwa nimeshapangusa paja kwa spiriti Nasra alipoona kikombe cha maji mezani akakinyooshea mikono. Rayya akampa, akakimaliza. Akampa cha pili, akakimaliza.

"Siku hizi ndo hivyo," Rayya akasema. "Maji tu, mchana kutwa."

Mkono wangu ukasita. Nikamgeukia bibi. "Shikamoo bibi, samahani. Huyu amewahi kupigwa sindano hii mahala pengine?"

"Marahaba, mwanangu. Ya mifupa? Si tulikwenda harusini Sur, nikampeleka akapigwa. Na Jalan kwa shangazi yake pia, wallahi alipigwa. Kila tulikopita sikumwacha akose haki yake." Alisema kwa fahari kabisa, na kwa nini asione fahari? Sisi wenyewe tuliwahubiria kwamba dawa ile ni nzuri.

Kumbe yangu ingekuwa ya nne. Kule kwingine nako mtoto alifika bila kadi, wakamwona ana matege, wakampiga sindano. Nikaimwaga dawa kwenye beseni, nikambeba Nasra mwenyewe mpaka kwa Daktari Mkuu.

Daktari Mkuu alikuwa Msudani mzee, mpole, mtu wa maneno machache. Akamlaza mtoto, akamkataza maziwa na jua, akamtundikia maji ya mshipani, akatuma damu yake Maskati. Kisha akaniuliza kadi ilikuwa wapi mtoto alipokuwa Sur na Jalan. Nikamjibu, kabatini.

"Kadi zako ni safi sana, Sista," akasema. "Tatizo ni kwamba mtoto hakai kabatini."

Bora angenifokea. Siku zile nilipima kila kikombe kilichoingia na kila nepi iliyotoka, na nilimwogopea Nasra kama wangu. Bi Shekha hakuingia tena wodini. Alikaa barazani amejifunika buibui, anasema amemuua mjukuu wake kwa mkono wake. Sikuweza kuvumilia. Nikaenda kukaa chini karibu naye, nikamwambia kosa si lake, ni langu, mimi niliyefungia kadi.

"Basi tusigombanie lawama, mwanangu," akasema. "Tumwombee." Akanishika mkono, tukaingia pamoja.

Siku ya tisa, Bi Shekha alikuwa anakula mkate wa ufuta kando ya kitanda. Nasra akanyoosha mkono, akamnyang'anya kipande, akakitia mdomoni. Sote tulisubiri atapike. Hakutapika. Akataka kingine. Nilikwenda stoo ya mashuka nikalia mpaka nikaanza kucheka peke yangu. Majibu ya damu yalipokuja, Daktari Mkuu alisema kalsiamu inashuka na figo zimepona. Nikasema alhamdulillah mara nyingi mpaka akaniambia inatosha, nirudi kazini.

Wiki ile nilizigawa kadi zote. Mkaguzi alilalamika watazipoteza. Nikamjibu iliyopotea nitaandika nyingine, na nikawaeleza kina mama kwa nini: popote mtoto aendapo, kadi iende, na asiye na kadi aulizwe kabla ya kuguswa. Hawakuzipoteza. Zamani hatukuwaambia zina kazi gani, ndiyo maana mbuzi walizila. Sasa waliziweka pamoja na pasipoti na dhahabu zao.

Nilistaafu nikiwa na magoti mabovu na moyo mwepesi. Kwenye hafla ya kuniaga, mkurugenzi kijana alisimama akasoma idadi ya sindano nilizopiga katika miaka yangu yote, na watu wakapiga makofi. Nilishukuru, nikakaa. Ile niliyoimwaga kwenye beseni haikuwamo katika hesabu yake, na kwa sababu ya hiyo moja mimi nalala usingizi.