Karatasi Safi Kuliko Zote Mtaani

Naweka dau hakuna atakayeamini: mimi niliyeacha shule darasa la sita nimewahi kusimama mbele ya kidato cha tatu nikafundisha historia, mkuu wa shule akiwa amekaa nyuma anaandika.

Mimi ni fundi wa fotokopi. Niletee cheti kilichofuliwa pamoja na suruali, nitakurudishia kama kimetolewa leo asubuhi. Msomi ni dada yangu. Anafundisha historia, mguu mmoja wa miwani yake umefungwa uzi, na mkoba wake una makaratasi mengi kuliko kabati la mahakama. Kitabu hafungui. Anagawa nyaraka za kale, halafu anawaacha wanafunzi wazisome dakika kumi nzima. Kisha anauliza, "Aliyeandika katuambia nini? Na nini hakutuambia?" Hata nyumbani yuko hivyohivyo. Mwambie umechelewa kwa sababu ya mvua, uone.

Mkuu wa shule mambo hayo hayakumpendeza. Akamwambia, "Mwalimu, Alhamisi nakuja kukaa darasani. Nisipoona wanajifunza kitu, makaratasi yanarudi kabatini na wewe unarudi kwenye kitabu."

Jumatano dada akaja dukani na picha ya orodha aliyopewa kwenye chumba cha nyaraka. Watu ishirini na saba waliokutwa ndani ya meli, wakipelekwa kuuzwa. Namba moja, kimo chake, kovu shavuni. Namba mbili, kimo chake, hana kovu. Mpaka mwisho hivyo.

"Nitolee nakala arobaini. Usiniharibie."

"Dada, unajua unaongea na nani?"

Akaondoka mbio kuwahi kipindi. Mimi nikaitazama ile karatasi, nikaona aibu kwa niaba yake. Pembeni imejaa vikwaruzo hafifu vya penseli, kama kuku kapita. Nikaongeza mwanga, nikafuta pembeni kote, nikatoa nakala arobaini nyeupe pee. Nikajipongeza kwa chai.

Alhamisi saa nne simu ikalia.

"Mdogo wangu, ile picha iko wapi?"

"Ipo hapa."

"Ilete darasani. Sasa hivi."

Aliongea kwa upole. Dada yangu akiwa mpole, ujue umekwisha. Nikakimbia na aproni yangu ya wino.

Nilipoingia, mkuu wa shule alikuwa anatazama saa. Dada akaipokea ile picha, akaanza kuipitisha dawati kwa dawati.

"Linganisheni na nakala zenu," akasema. "Na aliyezitengeneza huyu hapa. Muulizeni."

Msichana wa mbele, wanayemwita Wakili, akasimama. "Mjomba, hapa pembeni palikuwa na maandishi. Yameenda wapi?"

"Niliyasafisha."

"Ulisoma kwanza?"

"Mimi nasafisha, sisomi."

Darasa likacheka mpaka madawati yakasogea. Sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Mjomba, basi ungesafisha na aproni."

Wakili hakucheka. Alikuwa ameisogeza picha dirishani. "Mwalimu, haya ni majina. Namba nne ana jina. Namba tano ni mwanawe."

"Endelea," dada akasema.

"Karani wa orodha hii aliandika namba tu. Kuna mtu mwingine alikuja baadaye akawauliza, akaandika kwa penseli." Akanigeukia. "Kwa hiyo karani aliwafuta mara ya kwanza, na wewe umewafuta mara ya pili."

Nikatoa penseli yangu sikioni, nikampa.

Basi wakachukua penseli. Mmoja anasoma dirishani, wengine wanaandika pembeni mwa zile nakala zangu nyeupe, wanabishania herufi, wanasahihishana. Kengele ikalia, hakuna aliyenyanyuka. Walipofika namba ishirini na saba wakayasoma majina yote kwa pamoja, kwa sauti, na darasa la jirani likasogea madirishani kusikiliza. Mkuu wa shule naye alikuwa ameomba nakala ajaze. Alikuwa amebakisha majina mawili, akamwomba Wakili ayarudie.

Mlangoni akamwambia dada, "Wiki ijayo niwekee kiti mbele, huku nyuma sisikii vizuri."

Njia nzima ya kurudi nyumbani dada alikuwa anacheka. Mimi nikamwambia bila mimi kipindi kisingenoga, akakubali, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwaka. Nakala moja nimeibandika juu ya mashine. Wateja wakiuliza, nawaambia nilifundisha.

Ila nilikosea. Nilidhani ni uchafu, na sikumuuliza dada.