Musimwangie Kicumucumu Maji

Siku yangu ya kwanza ya kazi, kule Walikale, walinipatia arozwari mbele ya kunipatia salamu. Arozwari njo kile chombo cha kumwangia maji, chenye mudomo wa matundu. Shefu wa pepinieri, ni kusema pahali wanapooteshea miti michanga, alinionyesha mistari ya sashe, mifuko myeusi ya plastiki yenye udongo, akasema: "Mama, hapa hakuna kufikiri. Asubui maji, mangaribi maji." Masomo yangu iliishia darasa la pili, lakini kubeba maji najua. Nilibeba mpaka shingo ikakaa nguvu kama ya ngombe.

Kisha wakanituma Masisi, kwetu. Pale mukubwa wangu alikuwa Papa Agronomu, muntu murefu, wa kusema polepole. Alinipeleka ku kilima kimoja kikavu, mawe matupu, na mizinga ya nyuki ya chama cha wamama pembeni.

"Kila kiangazi nyuki inahama, juu ya kukosa maua," alisema. "Mwaka huu ikihama tena, mwenye kilima anarudisha ngombe yake hapa, na wamama wanarudi nyumbani mikono mitupu. Iko maua yenye inaweza kupona hapa?"

Nikamuambia iko: kicumucumu. Inapanda mpaka kifua cha muntu, na ku muti wake kunakaa mipira ya miiba, mumoja juu ya mwengine, na maua ya rangi ya chungwa inachomoka mule. Watoto wanaifyonza juu ya sukari yake. Inapenda jua kali na mawe. Mbolea, hapana: ukiipatia mbolea inanenepa majani, kisha inaanguka. Unakwaruza udongo wakati mvua inakaribia kuisha, unatupa mbegu juu juu, kisha unaenda zako. Kuenda zako njo kazi yenyewe. Na hiyo kazi hakuna muntu anaiweza!

Mwenzangu Mama Furaha hakuiweza. Asubui moja nilimukuta katikati ya kicumucumu changa, arozwari ku mukono.

"Inakufa kiu, dada. Angalia vile inainama."

"Inainama juu ya jua. Mangaribi inasimama. Wewe hauinamaki?"

"Mimi niko na huruma."

"Huruma yako peleka ku kabichi!"

Alikuwa amekwisha kuifanya siku nyingi, kwa siri. Mizizi ikaoza. Kilima kikageuka manjano, kisha yote ikalala chini. Tulibakia na kipande kimoja tu, ku bord, pembeni ya barabara, pahali arozwari yake haikufika.

Ikaja siku ya posho, ni kusema Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha barabara. Kapita, musimamizi wa salongo, akaja anafyeka na mupanga yake, mpaka ku kile kipande. Nikasimama mbele yake.

"Mama, toka. Hii ni majani."

"Ni maua."

"Maua inapandwaka ndani ya bidon tupu ya mafuta, mbele ya nyumba. Hii nani aliipanda?"

"Mungu na mimi."

"Basi Mungu na yeye akuje salongo!"

Watu wakacheka. Hasira ilinipanda mpaka ku masikio. Kwetu njo vile: kitu ikiota ku mawe ni majani, hata ichanue namna gani. Ikizungushiwa mawe ya chokaa, njo inakuwa maua. Papa Agronomu alifika, akasikiliza, akasema polepole: "Kapita, anza kwanza kule chini." Wamama wa mizinga wakabeba mawe, tukayapaka chokaa, tukazungusha kipande chote. Kapita aliporudi alipanguza jasho.

"Aa, kumbe ni maua," akasema, akapita pembeni.

Munafikiri iliisha? Kesho yake, watu wanatoka kanisani, wakaona mawe meupe. Mama mumoja na bidon ya maji, papa mumoja na sufuria, Kapita mwenyewe na ndoo! "Mama, maua yako inakauka, tunakusaidia." Kiangazi chote nilikaa pale ku jiwe, nafukuza wema wao vile watu wanafukuzaka nyani ku mahindi. Rudisha maji! Rudisha! Walisema kichwa yangu imeharibika.

Nyuki haikuhama. Mwenye kilima alikuja na ngombe zake kuangalia kama tumeshindwa. Moja ikachomwa ku pua, ikashuka mbio, zingine nyuma yake, na yeye nyuma ya zote. Kilima kilibaki cha wamama.

Sasa nimepumzika. Mujukuu wangu Neema njo anachunga ile kilima, na nikisema jina lake ninanyoosha mugongo; iko na akili ile mutoto. Watu wanasema kazi yangu ilikuwa kupanda maua. Hapana! Kupanda ni asubui moja. Miaka yote ingine nilikuwa ninazuia watu.

Juzi Neema alinipigia simu.

"Koko, jua limekaza, kicumucumu inainama. Nifanye nini?"

"Ukae."

"Kukaa tu, Koko?"

"Kukaa, na fimbo."