Pikapu Iliyopasua Keki ya Mama

Nakumbuka vizuri Jumatano ile keki ya Mama ilipopasuka, mdogo wangu Kazungu, na nakuandikia kwa sababu jana nimekuona umechuchumaa nyuma ya pikapu na spana mkononi. Weka spana chini kwanza. Mimi si mzee, hata ndevu hazijanijaa, lakini kwa gari hii nimezeeka.

Mwaka ule wewe ulikuwa bado bweni. Mimi nimemaliza fomu foo, sina kazi, na kitu kilichonikera duniani kote ni pikapu ya Mama kukaa juu juu kama mbuzi aliyepanda ukuta. Nikataka ikae chini, ipendeze. Rafiki yangu Juma akaja na vile vipande viwili vya chuma vinavyowekwa kati ya ekseli na springi za nyuma ili gari ishuke. Tukashindana nani atamaliza upande wake kwanza, yeye kushoto, mimi kulia. Nilishinda mimi. Nikajisifu mtaa mzima, mjinga mimi.

Tulipotoa jeki, gari ikainama kulia. Nikasema ah, ni mchanga wa hapa uani. Nikajaza tairi la kulia upepo zaidi, nikaona yamekwisha. Lakini barabarani, ikifika sabini, mtetemo ulipanda kutoka chini ya kiti mpaka kioo cha kutazamia nyuma kikawa hakionyeshi kitu.

Na Mama ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuoka keki za harusi. Jumatano hiyo tulipeleka moja Watamu, ameipakata mapajani njia nzima. Alipofunua boksi, ufa umeanzia juu mpaka chini.

"Gari yako inacheza chakacha na keki yangu," akaniambia. "Jumamosi nina ya harusi ya Rehema, orofa tatu, mpaka Ngomeni. Ikifika hivi, nani ataniita tena? Niambie, nani?"

Nikashika spana. Watu wa stendi wakaniambia ni tairi, nikazibadilisha. Wakaniambia ni krosi, vile viungo vya propela, ile nguzo inayozunguka chini ya gari kupeleka nguvu nyuma. Nikanunua krosi, nikafunga. Bado. Nikanunua nyingine. Bado! Ijumaa asubuhi nimelala tena chini ya gari, mchanga machoni, karibu nilie, nikaona viatu vya Mzee Chengo, yule aliyetengeneza malori ya chumvi miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafungua nini?"

"Krosi."

"Si ulifungua jana?"

"Ndiyo mzee, lakini..."

"Ungekuwa daktari wewe, hapa Gede sote tungekuwa na mishono. Umepima nini?"

Nikamwonyesha spana.

"Krosi mbili umenunua, mwanangu, na futi huna?"

Niliudhika, sikufichi. Nilitaka jibu, yeye ananituma kwa fundi cherehani kuazima futi! Nikaenda nimenuna. Akaniambia nipime kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, maana hapo mchanga hauhusiki. Kulia palipungua vidole viwili. Halafu akawasha tochi ya simu.

"Njoo uone. Usiguse. Angalia tu."

Nikaangalia. Vile vyuma vina upande mnene na upande mwembamba. Cha Juma, unene umeelekea nyuma. Changu, unene umeelekea mbele.

"Springi moja inavutwa huku, nyingine kule, ndiyo maana gari imeinama," akasema. "Na difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, imekaa vibaya, kwa hiyo propela inazunguka ikiwa imepinda. Hata ufunge krosi ya dhahabu itatetemeka tu. Nani alifunga kulia?"

"Mimi."

"Kwa haraka?"

"Tulikuwa tunashindana, mzee."

"Ukashinda?"

"Ndiyo."

"Hongera."

Afadhali angenipiga kofi.

Hakushika spana hata mara moja. Aliketi kwenye ndoo akanitazama nikiinua jeki, nikilegeza bolti, nikigeuza chuma changu, nikikaza upya na kupima tena. Vidole viwili vikatoweka. Kisha akaomba sufuria ya maji, akaipakata kwenye kiti cha mbele, tukaenda njia ya Malindi. Sabini. Themanini. Maji yametulia.

Jumamosi Mama alipanda, keki imemfika kidevuni. Tulipopita Malindi nikamtazama. Alikuwa amelala, Kazungu. Amelala na orofa tatu mapajani! Ngomeni akashtuka, akafunua boksi, akaizunguka keki kwa macho.

"Haina ufa," akasema. Akanipa boksi nilibebe mimi.

Sasa nasaha yangu ni hii, na sitairudia maana sina subira hiyo, unanijua. Kabla hujafungua kitu, kipime. Kabla hujakisingizia kitu kingine, kakague ulichogusa wewe mwenyewe mara ya mwisho. Ukitaka kushindana, nenda uwanjani, si chini ya gari inayombeba mama yako. Na mzee akikutuma futi, nenda, hata kama umenuna.

Mungu akubariki mikono, ndugu yangu, akupe macho ya kuona kosa lako kabla ya la mwenzako, na kila unayempakia afike amelala usingizi. Futi nimeiweka chini ya kiti cha dereva.