Miguu ya Mbuke

Weka chini hiyo fimbo, Zipora. Nimesema weka chini! Mtoto wa miaka miwili na nusu amejibanza nyuma ya mlango, jasho linamtoka, miguu kaipishanisha, nawe unasema ana kiburi. Kiburi gani? Huyo anaogopa kunya. Choo kilimuuma mara moja, sasa anakizuia, na akikizuia kinakuwa kigumu, na kikiwa kigumu kinamuuma zaidi. Basi. Hakuna kiburi hapo, wala shetani. Njoo ukae. Baba yako angekuta umeshika fimbo angeanza tena hadithi zake juu yangu, jinsi nilivyomlea yeye. Leo nitakusimulia mimi, maana ya kwake siyo sawa.

Wewe hukuwahi kumsikia Mbuke. Hakuna anayemtaja. Alikuwa mke mkubwa wa babu yako Jilala, na mimi nilikuwa mke mdogo. Mwanamke mrefu, mweusi tii, mwenye nyayo pana zilizopasuka kwa kulima. Alizaa watoto watatu akawazika wote watatu hapa hapa Didia, hakuna aliyefika umri wa kuachishwa ziwa. Wanawake wengine waliitwa mama fulani, mama fulani. Yeye aliitwa Mbuke tu.

Mimi nilipoolewa sikuwa hata na miaka ishirini. Nikampata baba yako Bujiku mwaka huo huo. Basi nikavimba kichwa! Nilipita uani na mtoto mgongoni kama vile kuzaa nimevumbua mimi. Mbuke aliniita mdogo wangu, nami nilimwita dada, kwa mdomo tu.

Ukaja mwaka wa arobaini na tisa, mvua ikatusahau. Ng'ombe wakakauka maziwa. Babu yako akaenda Geita kutafuta kazi mgodini, sisi tukabaki na mama yake tukila michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi michembe na jioni michembe. Maji tuliyafuata mbali, tukarudi na mtungi wa tope. Nilikuwa nimemwachisha Bujiku ziwa kwa sababu mimba nyingine ilikuwa imeingia, mimba ambayo haikukaa. Kwa hiyo mtoto hana maziwa, maji ya kupimiwa, chakula kikavu. Siku moja alikwenda haja, akapiga ukelele hadi jirani wakaja. Kilichotoka kilikuwa kama mawe, na damu juu yake.

Kuanzia hapo hakutaka tena. Akihisi tu, anakimbilia nguzo ya ghala, anaikumbatia, anasimama kwa ncha za vidole huku akitetemeka. Siku tatu, siku nne, tumbo gumu. Mimi nikachuma fimbo. Nilimchapa, Zipora. Nilimchapa mtoto wa miaka miwili na nusu ili anye. Mama mkwe naye akatwanga mizizi, akamshika kichwa chini, akampitishia dawa nyuma kwa mwanzi kama tulivyofanyiwa sisi sote utotoni. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Tangu siku hiyo alikuwa akimwona bibi yake anajificha.

Halafu tukafanya kosa kubwa kuliko yote. Nguo yake ikaanza kuchafuka kila saa, majimaji, bila yeye kusema. Tukashangilia kwanza kwamba amefunguka, kisha tukasema sasa anahara. Na kwetu mtoto akihara ananyimwa maji. Ndivyo mama zetu walivyofanya: maji yanaongeza kuhara, mnyime mpaka akauke. Nikamnyima. Alikuwa akiramba mdomo wa mtungi, mimi namvuta mkono.

Mbuke ndiye aliyesema. Alikuja na kumlaza Bujiku mapajani, akambonyeza tumbo taratibu, akanishika mkono nibonyeze na mimi. Chini ya kitovu kulikuwa na kitu kigumu kama hindi.

"Huyu hahari, mdogo wangu," akasema. "Mzigo umekwama mlangoni. Haya yanayotoka yanapita pembeni. Nipe huyu mtoto."

"Umejuaje wewe?" nikamjibu. Unaelewa nilichomaanisha. Na yeye alielewa.

Akasema, "Wa pili alikuwa hivi hivi. Sikujua. Kwa huyu najua."

Nikampa kwa sababu nilikuwa nimechoka. Usidhani ni kwa wema.

Akamhamishia nyumbani kwake. Maji yake ya kunywa, yaani yale ya Mbuke mwenyewe, akawa anayachemsha na kumpa mtoto. Alikwenda porini kutafuta ukwaju, bushishi, akauloweka akamkoroga nao uji mwepesi. Alimkandia tumbo, akampaka samli kule nyuma kwa kidole, polepole, huku anamwambia kila anachofanya kabla hajakifanya. Fimbo yangu aliichukua akaichoma jikoni, nikaiona inawaka chini ya chungu chake.

Na kila asubuhi, baada ya uji, alikwenda nyuma ya nyumba. Aliketi chini mavumbini, akanyoosha miguu yote miwili, akamkalisha Bujiku juu ya viwiko vya miguu, wanatazamana, akamshika mikono. Ndivyo tulivyokuwa tukiwakalisha vichanga wote, lakini mtoto akishatembea basi, anaachwa aende mwenyewe kichakani. Yeye alimrudisha pale kama kichanga.

"Zizi limejaa," anamwambia. "Ng'ombe wanataka kutoka. Tuwafukuze?"

Bujiku anatikisa kichwa.

"Haya, hatuwafukuzi. Watatoka wenyewe. Yule fahali mzee amesimama mlangoni, tumngoje."

Basi wanangoja. Jua linapanda. Siku ya kwanza hapakutoka kitu. Akamwinua, akamfuta, akasema, "Kesho." Siku ya pili hivyo hivyo. Wanawake waliokwenda majini walimcheka: "Mbuke, umekuwa choo sasa?" Naye anacheka nao, "Nimekuwa. Karibuni na ninyi."

Siku ya tano nilisikia mtoto anapiga kelele nikakimbia. Nilimkuta amemkumbatia Mbuke shingoni, anatetemeka, na Mbuke anasema, "Anatoka, anatoka, mzee huyo, mwache apite," machozi yanamchuruzika. Kikatoka. Miguu yake ilichafuka mpaka magotini. Akanitazama akacheka, akasema, "Mdogo wangu, lete maji, bwana! Umesimama kama nguzo."

Usidhani iliisha siku hiyo. La hasha. Iliwachukua miezi. Mara anapata, mara anarudi kwenye nguzo ya ghala. Mbuke hakumsifu sana wala hakumkaripia. Aliketi tu kila asubuhi, mvua zikaja, akaketi kwenye tope. Mpaka tunavuna mtama, Bujiku alikuwa anamshika mkono mwenyewe na kumwambia kwa Kisukuma chake cha kitoto, "Mayu, twende tukafungue zizi."

Mayu. Mama. Alimwita yeye mayu, na mimi akaniita Esta, kama alivyosikia watu wazima wakiniita.

Hapo ndipo roho yangu ilipooza, mjukuu wangu. Badala ya kushukuru nikaumwa. Kila "mayu" ilikuwa mwiba. Siku moja tunapura mtama, wanawake wamejaa, Bujiku akajikwaa, nikamkimbilia, naye akanipita akaenda kujificha kwenye nguo ya Mbuke. Watu wakacheka. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Amemaliza kuzika watatu wake, sasa anamtafuta wa nne kwangu!"

Maneno kama hayo kwetu huyasemi. Ukiyasema umemwita mwanamke mchawi, hata kama hukulitaja neno lenyewe. Mbuke aliokota ungo wake akaenda zake. Kuanzia siku hiyo wanawake wakaacha kwenda kuomba moto kwake, na watoto wakaambiwa wasipite uani pake. Ulimi hauna mfupa, lakini huo wangu ulivunja mtu.

Haukupita mwezi, Jilala akaleta habari niende Geita na mtoto, amepata chumba kambini. Nilifurahi! Nikafunga mzigo siku hiyo hiyo. Mbuke alitusubiri njiani panapopita malori ya pamba. Hakuomba kumbeba Bujiku. Alinipa kifurushi cha ukwaju na kusema, "Usimpeleke kwenye choo cha shimo, ataogopa. Mkalishe miguuni. Ukimkalisha miguuni na usiwe na haraka, hatakusumbua."

Nikasema ahsante. Lori lilipoondoka mtoto alilia akinyoosha mikono nyuma, nami nikamgeuza uso. Kile kifurushi nilikitupa kabla hatujavuka ziwa kwa pantoni. Sikutaka kulea mtoto wangu kwa dawa ya Mbuke.

Kambini vyoo vilikuwa safu moja, mbao mbili juu ya shimo refu, giza chini, na nzi. Bujiku aliliona lile shimo akashika mlango kwa mikono miwili. Wiki moja tu tumbo likarudi kuwa jiwe. Nikajaribu mimi. Niliketi nyuma ya chumba, nikanyoosha miguu, nikamkalisha. Akaitazama miguu yangu, akasema, "Siyo hii," akashuka. Nikamchapa. Nilimchapa kwa sababu alisema kweli.

Alipoanza kutapika tulimkimbiza kwa dresa, yule mtoa dawa wa kambi, Marselino, mtu wa pwani, mpole. Alimfungua kwa mafuta ya mbarika na maji ya sabuni, kazi ya asubuhi nzima. Alipomaliza akaniuliza, "Alishawahi kupona huyu?" Nikasema alishapona. "Nani alimponya?" Babu yako ndiye aliyejibu, akasema ni mke wake mkubwa.

"Basi mrudisheni kwake," akasema dresa. "Mimi nina dawa ya tumbo. Ya hofu sina."

Nilisafiri siku tatu na mtoto mgongoni. Njiani nilipanga maneno. Nitapiga magoti, nitasema dada nisamehe, nitasema mbele ya wanawake wale wale. Nilimwambia Bujiku tunakwenda kwa mayu. Alikula vizuri safari nzima, akawa ananiuliza kila mti, "Pale?"

Tulipofika uani, ghala lilikuwa wazi na jiko la Mbuke lilikuwa na majivu ya zamani. Mama mkwe alitoka, akakaa chini kabla hajanijibu shikamoo. Akasema, "Tumemzika, leo ni siku ya kumi na moja. Homa. Hakuna aliyejua mpaka siku ya tatu, maana hakuna aliyekuwa anakwenda kwake."

Hakuna aliyekuwa anakwenda kwake. Mimi ndiye niliyefunga ile njia.

Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka chakula hakishuki. Akasema, "Tangu mlipoondoka alikuwa anachekesha watu. Kila asubuhi anaketi kule nyuma, miguu kainyoosha, peke yake, mpaka jua lipande. Kisha anajipangusa anaendelea na kazi. Tukadhani akili imeruka."

Wakati anasema hayo Bujiku hakuwepo. Tulimkuta nyuma ya nyumba. Ameketi mavumbini, mahali pale pale palipokuwa pamekwanguka kwa kukaliwa, anaangalia njia. Niliketi mbele yake. Nikanyoosha miguu. Sikumvuta. Nililia, mama, nililia mpaka kamasi. Nikasema, "Zizi limejaa." Macho yake yalibaki njiani. Nikasema, "Hatuwafukuzi. Tutamngoja mzee." Jua likapanda. Miguu ikafa ganzi. Ilikuwa karibu na adhuhuri alipoinuka, akaja, akapanda juu ya miguu yangu, akanipa mikono. Akakifanya alichokifanya huku analia kidogo. Alipomaliza akageuka akaitazama njia tena, akauliza, "Mayu anakuja kuosha?"

Nikaiosha miguu yangu mwenyewe. Tuliketi pale kila asubuhi mwaka mzima, na siku moja, sijui ni lini, akaanza kuniita mayu mimi.

Kwa hiyo sasa unajua. Baba yako hakumbuki kitu. Alikuwa mdogo mno, hana hata sura ya Mbuke kichwani. Krismasi ile aliyochinja ng'ombe, alisimama mbele ya ukoo akasema, "Mama yangu hakunichapa hata siku moja. Nilipougua alinikalisha juu ya miguu yake mpaka nikapona." Wakanipigia vigelegele. Nami mzee mzima nikavipokea, nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni haya.

Hata kaburi la Mbuke sina la kukuonyesha. Walilima pale.

Haya, kaa chini. Hapo hapo, acha kanga ichafuke. Nyoosha miguu. Mlete huyo mtoto polepole, usimwambie kitu. Na akipona, watu wakikuuliza nani alikufundisha, Zipora, nakuomba, usinitaje mimi.