Jumamosi ya Maduka Manne

Juzi nilikuwa katika supamaketi moja hapa Babati na Shangazi Marta, mdogo wake marehemu baba yangu, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea mkongojo. Nilishika pakiti mbili za sukari, moja kila mkono, nikisoma bei. Humo ndani hakuna kitu kinachonuka. Mchele hauna harufu, chai haina harufu, hata samaki amefungwa asisikike. Mara kijana wa usafi akapita na ndoo yake, akaiweka chini, akachovya kipande cha sabuni ya mche, ile ya buluu inayokatwa kwa waya. Harufu ikanipanda puani, nikasahau bei. Nilirudi Mbulu, nikawa mtoto wa darasa la tatu aliyeshika mkono wa mama yake.

Niwaambie kwanza tulikotoka. Sisi ni watu wa Endagikot, karibu na mji wa Mbulu, na enzi hizo tulihesabiwa mkoa wa Arusha, hii Manyara ilikuwa bado haijazaliwa. Nilipokuwa mdogo sana palikuwa na duka la ushirika tu, na kulinganisha bei ilikuwa kazi isiyokuwepo. Ulipanga foleni kwanza, ukauliza baadaye kinauzwa nini. Ukifika mbele ulipewa kilichopo, na kama ni viberiti ulirudi nyumbani na viberiti hata kama ulitumwa sabuni. Kisha ikaja ruksa, serikali ikaruhusu kila mtu kufanya biashara. Watu wakaanza kufungua maduka kwenye vyumba vya mbele vya nyumba zao, na lori zikaleta vitu ambavyo tulikuwa tunavisikia tu. Mama zetu, waliozoea kupokea, sasa walitakiwa kuchagua.

Mama yangu alipenda kuchagua. Kila Jumamosi alifunga pesa kwenye pembe ya kitenge, akazunguka mji mzima kabla ya kufungua lile fundo. Tatizo lilikuwa macho. Alikuwa na ugonjwa wa vikope, kope zimegeukia ndani, zinamkwaruza kila akipepesa. Jioni alikaa mlangoni, nami nikimng'oa kope moja moja kwa kibano huku akinihimiza nisiogope. Alisema anaona ukungu. Mbulu asubuhi kuna ukungu kweli, basi sisi watoto hatukuona ajabu.

Ajabu ilikuja na chumvi. Chumvi tuliyoijua ilikuwa ya mabonge ya kijivu, iliyotoka ziwani kule Hanang, ambayo hata ng'ombe aliitambua kwa mbali. Ruksa ikatuletea chumvi nyingine, nyeupe, laini, imefungwa kwenye nailoni. Mama alipoiona, au niseme alipoishika, aliidhania kuwa ni sukari. Siku hiyo katekista alikuja kutusalimia, akakaribishwa chai. Alikunywa kikombe kizima, akafuta midomo taratibu, akasema, "Asante Mama Pasko, Mungu akuzidishie." Shangazi Marta, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu na chai yetu hakuikosa, alitema ya kwake hadi ukutani. Mimi na kaka yangu Pasko tulicheka mpaka tukatolewa nje.

Lakini Baba hakucheka. Alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya Hanang, akirudi kwetu mwisho wa mwezi, na aliporudi safari ile alikuta habari imemtangulia. Alisema neno moja tu: kuanzia sasa manunuzi ya nyumba atafanya Marta. Hakulisema kwa ukali. Nadhani aliona anampumzisha mke wake. Ila kwetu mama asiyenunua chumvi ya nyumba yake alichukuliwa kuwa mgonjwa, na mgonjwa hupikiwa, huulizwa kama ameshiba, haulizwi kitu kingine. Mama alilijua hilo vizuri. Nilimwona akilishika lile fundo la kitenge kama mtu anayekaribia kunyang'anywa mtoto.

"Baba Pasko," alisema, "nipe Jumamosi moja. Nitazunguka maduka yote, Marta aje aone kwa macho yake. Nikirudi na kitu cha ovyo, fundo nitalifungua mwenyewe nimkabidhi."

Baba alikubali. Mimi nilimchukia Shangazi tangu dakika ile. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti nzito kiasi kwamba kwaya ya parokia ilimpanga upande wa wanaume, na kila alichosema kilisikika kama lawama. Niliona anataka jiko la mama yangu.

Jumamosi yenyewe tuliondoka mapema, mama mbele akiwa ameniweka mkono begani, Shangazi nyuma yetu na kapu. Tulianza na duka la ushirika, kwa heshima tu, kwa sababu lilikuwa limebaki na majembe, kamba za katani na harufu ya magunia. Mama alisalimia, akauliza habari za nyumbani, akaaga.

La pili lilikuwa la Mama Neema, nyuma ya soko. Ulilijua kabla hujalifikia kwa sababu lilinuka mafuta ya taa. Mama alimpa chupa, akainamisha kichwa, akasikiliza mafuta yakiingia. Mlio wa chupa ulianza chini, ukapanda, ukapanda, ukakata.

"Ongeza," mama akasema. "Bado haijafika shingoni."

Mama Neema aliangua kicheko, akaongeza. "Huyu haibiwi," alimwambia Shangazi. Nilimgeukia Shangazi nione kama amemeza hilo. Alikuwa anamtazama mama, siyo chupa.

La tatu ndilo lililokuwa gumzo la mji. Kijana mmoja aliyetoka Arusha alikuwa amepaka ukuta chokaa na kuandika kwa herufi nyekundu SUPAMAKETI. Kilikuwa chumba kimoja. Ila humo hapakuwa na kaunta wala wavu wa kumtenga mnunuzi na bidhaa. Uliingia mwenyewe, ukashika mwenyewe, ukachagua mwenyewe, na watu wengi walisimama mlangoni wakiogopa kuitwa wezi. Mama aliniomba nimsomee ukutani, akatabasamu, akaingia moja kwa moja. Sijawahi kumwona akifurahi dukani namna ile. Alipitisha vidole kwenye rafu polepole, akabonyeza, akanusa, akatikisa viberiti sikioni. Bei ya sukari ilikuwa ndogo kuliko kwingine kote na kijana alitutangazia hivyo kwa fahari. Mama akatoa kapuni kwa Shangazi kilo tuliyokuja nayo kutoka nyumbani, iliyopimwa na jirani yetu mwenye mizani ya kahawa, akaishika mkono wa kushoto, na ile ya kijana mkono wa kulia. Alisimama hivyo kwa muda. "Mwanangu, hii yako imekonda," alimwambia kwa upole. Akanunua kwake sabuni ya mche peke yake, kwa sababu sabuni, alisema, inajieleza yenyewe.

Mpaka hapo mimi nilikuwa nimeshashinda. Nilitembea kifua mbele. Likabaki duka la Mzee Amnaay, mwisho wa barabara, ambako tulijua sukari ni kavu na mizani haina utani.

Duka hilo lilikuwa na giza. Mzee Amnaay aliogopa baridi kuliko mtu yeyote ninayemkumbuka, akavaa mwaka mzima koti zito la mtumba lililomfika magotini, na alikaa kwenye kiti chake cha pembeni akikohoa. Siku ile hakuwepo. Alikuwa nyuma, uani, namsikia akipasua kuni. Koti alikuwa amelitundika kwenye kiti, mabega yake mapana yameegemea vilevile, na juu ya mgongo wa kiti ameweka kofia.

Mama alisimama mbele ya kiti kile, akakunja magoti kidogo kama inavyotakiwa, akasema kwa sauti ya adabu, "Shikamoo, Mzee."

Ndipo nilipojua kwamba mama haoni. Siyo kwamba anaona vibaya. Haoni. Hapohapo nikakumbuka aliye nyuma yetu. Yote yalikuwa yamekwisha: chupa ya mafuta, kilo iliyokonda, yote. Shangazi alihitaji kusema neno moja tu.

"Marahaba," ilisema sauti nzito nyuma ya bega langu. "Marahaba, binti. Karibu."

Niligeuka. Shangazi Marta alikuwa amenikazia macho, kidole kiko midomoni. Kisha akakohoa, kikohozi kikubwa cha kizee, akatoka mlangoni kwa kunyata, na muda si mrefu nikamsikia uani akimwita Mzee Amnaay mwenyewe aje, kuna wateja. Mzee aliingia kwa mlango wa nyuma akipangusa mikono, akapima sukari, mchele na ile chumvi nyeupe. Mama alilamba kila kimoja kwa ncha ya kidole kabla ya kulipa.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Niliona Shangazi amemfanyia mama yangu mzaha, tena amepokea shikamoo isiyo yake, yeye mdogo kwa umri. Njia nzima sikumsemesha. Naye njia nzima alilalamika, jambo lililoniongezea hasira. "Mtaro huu utafukiwa lini jamani!" "Ona, wameacha mawe hapa, hawana akili!" "Ngazi mbovu hizi, tatu zote mbovu!" Nilimwona ana gubu.

Jioni Baba aliuliza imekuwaje. Nilijibanza nyuma ya mlango. Shangazi alitua kapu chini.

"Sukari ni sukari na chumvi ni chumvi," alisema. "Ananunua vizuri kuliko mimi. Mwache mkeo afanye kazi yake."

Fundo likabaki kwa mama. Tangu hapo Shangazi hakukosa Jumamosi hata moja, akidai ana shida zake mjini, ingawa mara nyingi alirudi kapu lake likiwa tupu. Alitembea mbele kidogo, akiilalamikia dunia nzima kwa sauti: mbuzi aliyelala njiani, baiskeli iliyoegeshwa ovyo, tope, debe, kizingiti. Baadaye mama alifanyiwa upasuaji wa kope. Maumivu yakaisha, lakini nuru haikurudi. Aliendelea kununua, akichagua duka kila wiki kwa pua na masikio, mpaka wenye maduka wakawa wanamwogopa kidogo.

Mimi nilikua, nikaenda kusoma, nikaja kufanya kazi Babati mkoa ulipokuwa umeshagawanywa. Krismasi moja nilikuwa nyumbani Endagikot. Mama alikuwa mlangoni, mahali pale pale pa kibano, ameota jua. Shangazi akaja na mkongojo wake. Hao wawili tangu zamani walisalimiana "habari, wifi", basi, hakuna la zaidi. Siku ile Shangazi alisimama mbele ya mama, akakunja magoti yake yaliyokwisha kukakamaa, akasema, "Shikamoo, wifi."

"Marahaba," mama akajibu. "Umechelewa sana."

Kisha wote wawili wakacheka, wakacheka mpaka mama akashika ubavu na Shangazi akatafuta pa kukaa.

"Mama, kwani ulijua?" niliuliza.

"Mzee Amnaay amekohoa vile kwa miaka mingapi?" alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Siku ile kikohozi chake kimekuja na sauti ya kwaya. Ningekosaje kumjua wifi yangu?"

"Na hukusema."

"Yeye alisema?"

Nilikaa kati yao nikijisikia mtoto tena. Miaka yote niliamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa macho ya mama, kwa sababu mkono wake ulikuwa begani kwangu. Ndipo yale malalamiko yalianza kunirudia, moja baada ya jingine, mtaro, mawe, ngazi tatu, na nikajua kwa mara ya kwanza yalikuwa yanaambiwa nani. Mama alijua siku zote. Alimwacha Shangazi alalamike, na Shangazi alimwacha achague, na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Nililia, sioni aibu kuwaambia.

Mama ametutoka sasa. Shangazi amebaki, na kila ninapompeleka kwa daktari wa macho tunaambiwa ni uzee, hakuna la kufanya. Hajasema hata siku moja kwamba haoni. Anataka twende supamaketi Jumamosi, ashike mwenyewe, anuse, aseme hii ghali, hii imekonda, turudishe. Kwa hiyo juzi, nilipozinduka kutoka Mbulu na pakiti zangu mbili, nilimwona amekwisha kuniacha, anakwenda kwenye rafu za sabuni, na ile ndoo ya yule kijana iko mbele yake hatua mbili.

"Jamani, watu wa humu nao!" nilipaza sauti. "Ndoo ya maji katikati ya njia, upande wa kushoto wote!"

Watu waligeuka kunitazama. Kijana aliniomba radhi. Shangazi alisogea kulia, akaipita ndoo bila haraka, na nilipomfikia akanyoosha mkono mpaka ukakipata kiwiko changu.

"Siku hizi una gubu," alisema, "kama mimi."